Ukitiwa hatiani, ripoti: mwongozo kwa wenye leseni za malori Uingereza

Kampuni ndogo ya malori imefikishwa mahakamani kwa kuzidisha uzito. Imekiri kosa, imetozwa faini, imelipa. Mwenye kampuni ameweka risiti kwenye faili na kurudi kazini akiamini kwamba jambo limekwisha. Kwa upande wa mahakama ni kweli limekwisha. Kwa upande wa leseni yake ya kubeba mizigo ndiyo kwanza linaanza, kwa sababu ana siku 28 za kumjulisha kamishna wa usafirishaji, na hakuna atakayempigia simu kumkumbusha.

Makala hii inawahusu Waswahili walioko England, Wales na Uskoti ambao wanamiliki malori, wanasimamia usafirishaji katika kampuni za wengine, au wanajiandaa kuomba leseni kwa mara ya kwanza. Ireland ya Kaskazini ina sheria yake na mamlaka yake, kwa hiyo aliyeko Belfast asiyatumie maelezo haya kama yalivyo.

Leseni hupewa mwendeshaji

Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki tumezoea leseni ya usafirishaji inayokwenda na gari: kila lori na kibali chake. Uingereza imejengwa kwa namna nyingine. Chini ya Sheria ya Leseni za Waendeshaji wa Magari ya Mizigo ya mwaka 1995, anayepewa leseni ni mwendeshaji, yaani mtu au kampuni inayofanya biashara, na kinachopimwa kwanza ni kama mtu huyo anaaminika. Leseni inahitajika kwa gari la mizigo lenye uzito unaoruhusiwa unaozidi tani 3.5. Tangu tarehe 21 Mei 2022, hata wenye magari madogo yanayozidi tani 2.5 wanaihitaji ikiwa wanabeba mizigo ya watu kwa malipo kuingia Umoja wa Ulaya.

Leseni hizo zinajulikana kwa rangi ya kibandiko cha kwenye kioo cha mbele. Cha rangi ya chungwa ni cha leseni yenye mipaka, ya anayebeba mali yake mwenyewe tu. Cha buluu ni cha leseni ya kawaida ya ndani ya nchi. Cha kijani ni cha leseni ya kimataifa. Mwenye leseni ya buluu au ya kijani anatakiwa wakati wote awe na sifa njema, awe na fedha za kutosha kuyatunza magari, awe na kituo halisi cha kazi, na awe na meneja usafirishaji mwenye ujuzi unaotambulika. Mwenye leseni ya chungwa hapimwi kwa kipimo hichohicho cha sifa njema, lakini naye lazima awe mtu anayefaa kushika leseni.

Anayepima hayo yote ni kamishna wa usafirishaji. Si polisi, wala si hakimu wa kesi za jinai. Ni msimamizi huru mwenye mamlaka ya kutoa leseni, kuipunguza, kuisimamisha na kuifuta. Kila eneo la nchi lina kamishna wake, na kazi ya karatasi inapita katika ofisi yao iliyoko Leeds. Kamishna hasubiri uvunje sheria mara kumi ndipo akuite. Anachotaka kujua, tena mapema, ni kama unaendelea kuwa mtu yuleyule aliyeaminiwa siku leseni ilipotolewa. Ndiyo maana hukumu za mahakama zina uzito mkubwa kwake, na ndiyo maana sheria imekutwika wewe mwenyewe jukumu la kumpelekea habari.

Kwa nini sheria ni kali hivi

Tarehe 9 Februari 2015, lori la kubeba kokoto lilikuwa likiteremka mlima wa Lansdown Lane, katika mji wa Bath, breki zikakataa. Watu wanne walikufa: mtoto wa kike wa miaka 4 aliyekuwa kwa miguu, na wanaume watatu waliokuwa ndani ya gari dogo. Dereva, kijana mdogo, alishtakiwa, na mahakama ikamwachia huru. Waliotiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia ni mmiliki wa kampuni na fundi wake, kwa sababu ya kuzembea matengenezo. Januari 2017 mmiliki alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na nusu, na fundi miaka 5 na miezi 3.

Miaka michache baadaye, tarehe 23 Oktoba 2019, miili ya Wavietnamu 39 ilikutwa ndani ya tela huko Grays, Essex. Miongoni mwa waliofungwa kwa vifo vile alikuwamo mmiliki wa kampuni ya malori.

Matukio haya mawili yanaonyesha jambo ambalo kila mwenye lori anapaswa kulishika. Barabarani, hatari kubwa mara nyingi huanzia ofisini: matengenezo yaliyoahirishwa, ratiba isiyowezekana, fedha za haraka zilizopokelewa bila maswali. Makosa ya aina hiyo huwa yametanguliwa na madogo. Kuripoti hukumu na adhabu ni njia ya kuyaona madogo kabla makubwa hayajafika.

Nani akitiwa hatiani unapaswa kuripoti

Wengi hudhani ni mmiliki peke yake. Unapopewa leseni unaahidi kwa maandishi kuripoti hukumu zinazowahusu watu wengi zaidi:

– wewe mwenyewe, kama leseni ni ya mtu binafsi;
– kampuni yenyewe;
– kila mbia, kama ni biashara ya ubia;
– kila mkurugenzi wa kampuni;
– meneja usafirishaji aliyetajwa kwenye leseni;
– wafanyakazi wako na mawakala wako, madereva wakiwa wa kwanza.

Watu wawili katika orodha hiyo husahaulika. Wa kwanza ni mkurugenzi asiyeonekana kazini, kwa mfano mke, mume au kaka aliyeandikishwa ili kutimiza idadi. Jina lake likiwa kwenye kumbukumbu za kampuni, hukumu yake ni jambo la leseni yako, hata kama hajawahi kugusa usukani. Wa pili ni meneja usafirishaji wa nje, anayekuja siku chache kwa wiki. Sheria inamruhusu kuhudumia hadi waendeshaji wanne na magari yasiyozidi 50 kwa jumla. Maana yake anaweza kuharibikiwa katika kampuni nyingine kabisa na wewe ukaathirika. Mwombe akuahidi kwa maandishi kwamba atakuambia.

Hukumu na adhabu zipi

Hukumu za kwanza kabisa ni za makosa ya usafirishaji: kuzidisha uzito, kuvunja sheria za saa za kuendesha na kupumzika, kuchezea takografu (kifaa cha gari kinachorekodi saa za kuendesha), kutumia gari bovu barabarani, kuendesha bila leseni au bima. Lakini sheria inataja pia makosa ambayo wengine hawayahusishi na malori: kutumia dizeli nyekundu isiyolipiwa kodi kamili, kumwaga taka mahali pasiporuhusiwa, na kusafirisha taka bila kusajiliwa. Anayebeba vifusi vya ujenzi na asome sentensi hiyo mara mbili.

Kisha kuna kile ambacho sheria inakiita kosa kubwa, na hapa si lazima liwe la barabarani. Kosa lolote la jinai lililoleta kifungo cha zaidi ya miezi 3, faini inayozidi pauni 2,500, au kazi za kijamii zisizo na malipo za zaidi ya saa 60, linahesabiwa. Ugomvi, udanganyifu wa kodi, wizi: vyote vinaweza kuingia. Na makosa kama hayo yaliyohukumiwa nje ya Uingereza yanahesabiwa vilevile. Hukumu ya mahakama ya Nairobi, Dubai au Lille haibaki ng'ambo kwa sababu tu faili lake liko ng'ambo. Aliyetiwa hatiani kwa zaidi ya kosa moja kubwa la aina hiyo, na hukumu hizo zingali hai, sheria inasema wazi kwamba hana sifa njema.

Adhabu zisizopitia mahakamani nazo zina mahali pake. Maafisa wa DVSA, wakala wa serikali unaosimamia viwango vya madereva na magari, wanaweza kumtoza dereva faini ya papo kwa papo ya pauni 50 hadi 300 kwa kosa moja la saa za kuendesha. Tangu Machi 2018 wanaweza pia kutoza makosa ya siku 28 zilizopita, hadi pauni 1,500 katika ukaguzi mmoja. Faini hiyo ikilipwa haiwi hukumu ya mahakama. Hata hivyo kamishna anapopima sifa njema anaangalia hukumu pamoja na adhabu, na rekodi za DVSA ziko wazi kwake. Vivyo hivyo adhabu za mpakani: tangu Februari 2023, mhamiaji aliyejificha akikutwa ndani ya gari, adhabu inaweza kufika pauni 10,000 kwa kila mtu aliyekutwa, na kutofunga na kukagua gari ipasavyo kunaweza kugharimu hadi pauni 6,000. Adhabu inayogusa lori, dereva au mzigo, iripoti.

Katazo la kutumia gari bovu, ambalo afisa wa DVSA hulitoa kando ya barabara, si hukumu. DVSA hulirekodi yenyewe. Kazi yako ni kuweka kwenye faili ushahidi wa ulichofanya baada yake: gari lilitengenezwa lini, nani alilipitisha, na kwa nini ubovu haukuonekana mapema.

Makosa saba ya kuogopwa zaidi

Kuna makundi saba ya makosa ambayo hukumu au adhabu yake humlazimu kamishna kujiuliza kama mwenye leseni bado anastahili sifa njema:

1. Kuzidisha saa za kuendesha kupita kiasi: robo au zaidi juu ya kikomo cha wiki au cha wiki mbili, au nusu au zaidi juu ya kikomo cha siku bila mapumziko ya angalau saa 4 na nusu. Kikomo cha kawaida ni saa 9 kwa siku, 56 kwa wiki na 90 kwa wiki mbili.
2. Kutokuwa na takografu au kidhibiti mwendo, au kuvichezea, au kughushi kumbukumbu.
3. Kuendesha gari lisilo na cheti halali cha ukaguzi, au lenye ubovu mkubwa wa breki, usukani, magurudumu, springi au chasisi unaohatarisha maisha papo hapo.
4. Kubeba mizigo ya hatari iliyokatazwa, au kuibeba katika vyombo visivyoruhusiwa, au bila alama za kuitambulisha.
5. Kubeba mizigo bila dereva mwenye leseni halali, au bila leseni ya uendeshaji inayotakiwa.
6. Kutumia kadi ya takografu ya kughushi, ya mtu mwingine, au iliyopatikana kwa hila.
7. Kuzidisha uzito kwa asilimia 20 au zaidi kwa gari la zaidi ya tani 12, au asilimia 25 au zaidi kwa gari la tani 12 kushuka chini.

Kundi la sita ndilo linalowanasa wengi wasiojiona wahalifu. Dereva amefikisha saa zake, mzigo umebaki kilomita 40, anachomeka kadi ya mwenzake. Amefanya hivyo kumridhisha bosi. Kisheria ameingia katika orodha moja na wanaoendesha malori yenye breki mbovu.

Siku 28

Muda wa kuripoti ni siku 28. Kwa usalama wako, anza kuhesabu siku ile mtu alipotiwa hatiani, hata kama adhabu ilitangazwa baadaye au barua ya mahakama ilichelewa. Ukihesabu hivyo huwezi kukosea. Usingoje rufaa imalizike pia: hukumu ni hukumu mpaka itenguliwe. Ripoti, kisha eleza kwamba mmekata rufaa.

Kama umeomba leseni na bado hujapata jibu, wajibu ni uleule. Hukumu iliyotokea wakati ombi likiwa mezani lazima ijulikane kabla ya uamuzi. Kutoripoti kunaweza kuwa kosa la jinai lenye faini yake, na kutoa maelezo ya uongo ili kupata leseni ni kosa jingine.

Swali la kawaida ni la hukumu za zamani. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 ya kuwapa nafasi mpya waliowahi kuhukumiwa, ambayo inaweka muda ambao baada yake hukumu haitajwi tena. Kwa mtu mzima aliyetozwa faini, muda huo ni miezi 12 tangu kutiwa hatiani. Kwa vifungo ni mrefu zaidi, kulingana na urefu wa kifungo. Kuna mtego hapa: alama zilizoandikwa kwenye leseni ya udereva zina hesabu yake ya miaka 5, hivyo usikimbilie kusema hukumu ya barabarani imekwisha muda kwa sababu tu mwaka wa faini umepita. Tena sheria hiyo inawahusu binadamu. Kampuni haimo ndani yake. Ukiwa na shaka, taja hukumu, au muulize wakili wa usafirishaji kabla ya kunyamaza.

Namna ya kuripoti

Njia ya haraka ni akaunti yako ya mtandaoni ya leseni, kwenye mfumo wa serikali unaoitwa VOL. Unaweza pia kuandikia ofisi ya Leeds. Kwa vyovyote vile andika kwa Kiingereza, taja namba ya leseni, na uhifadhi nakala pamoja na uthibitisho wa tarehe ya kutuma.

Taarifa nzuri inajibu maswali matano: nani, kosa gani, lini na wapi, adhabu gani, na mmefanya nini. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Huu ni mfano wa kubuni, ili uone sura yake:

"Tunaripoti kwamba tarehe 4 Machi Mahakama ya Mahakimu ilimtia hatiani dereva wetu kwa kutopumzika dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za kuendesha. Kosa lilitendeka tarehe 12 Novemba mwaka jana. Alitozwa faini ya pauni 400 na gharama za mahakama. Alituletea barua ya mahakama tarehe 9 Machi.

Tumepitia kumbukumbu zake za takografu za miezi mitatu kabla ya kosa. Tumekuta makosa mengine mawili ya aina hiyo ambayo hatukuyaona wakati ule. Yote yalitokea siku za Ijumaa, kwenye safari yenye vituo vitano vya kushusha mzigo. Tangu tarehe 11 Machi safari hiyo ina vituo vinne. Dereva amepewa mafunzo na onyo la maandishi. Meneja usafirishaji sasa anachambua kumbukumbu za madereva wote kila wiki. Tumeambatanisha barua ya mahakama, nakala ya onyo na ratiba mpya."

Sentensi inayotaja makosa mengine mawili ndiyo inayowatisha waandishi wa barua hizi. Wengi wangeifuta. Isifutwe. Kamishna akiamua kuchunguza, kumbukumbu za takografu zitaletwa, na makosa hayo yataonekana. Yakionekana baada ya wewe kuyasema, unakuwa mtu aliyefukua tatizo lake mwenyewe. Yakionekana baada ya wewe kuyaficha, barua yako nzima inapoteza thamani, pamoja na sehemu zilizokuwa za kweli. Angalia pia kwamba barua haikumtupia dereva lawama zote. Imekubali kwamba ratiba ya vituo vitano ilikuwa ya ofisi.

Kamishna atafanya nini

Mara nyingi hatafanya makubwa. Taarifa itawekwa kwenye faili, au utapata barua ya onyo. Anaweza kukutaka utoe ahadi mpya, kwa mfano kuleta mkaguzi huru akague mifumo yako. Jambo likiwa zito, unaitwa kwenye kikao cha hadhara, ambako utajibu maswali mbele yake ukiwa na wakili au peke yako. Baada ya kikao anaweza kupunguza idadi ya magari unayoruhusiwa, kusimamisha leseni kwa muda, kuifuta, na hata kukupiga marufuku kushika leseni, iwe kwa miaka fulani au bila ukomo. Meneja usafirishaji akipoteza sifa njema, kamishna hana hiari: lazima ampige marufuku kufanya kazi hiyo. Kampuni iliyopoteza meneja inaweza kuomba muda, hadi miezi 6, ili impate mwingine.

Anayepinga uamuzi ana mwezi mmoja wa kukata rufaa kwenye Baraza la Juu la Rufaa. Maamuzi ya rufaa ndiyo yaliyowawekea makamishna maswali mawili ya kujiuliza wanapofikia uamuzi. La kwanza: kuna uwezekano gani kwamba mwendeshaji huyu atafuata sheria siku zijazo? La pili: mwenendo wake ni mbaya kiasi kwamba anastahili kuondolewa kwenye biashara?

Yatazame maswali hayo kwa makini, kwa maana ndani yake kuna jibu la kwa nini kuripoti kunakulinda. Swali la kwanza linahusu kesho. Faini ya jana haiwezi kulijibu peke yake. Kinacholijibu ni ulivyofanya baada ya faini. Aliyeripoti ndani ya muda na kurekebisha kasoro anampa kamishna sababu ya kumwamini. Aliyenyamaza hana cha kumpa. Mwendeshaji anaweza kuingia kwenye kikao na kosa la kawaida, akatoka bila leseni kwa sababu kikao kiligeuka kuwa cha uaminifu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika biashara hii muumbuaji ana majina: rekodi za DVSA, kumbukumbu za mahakama, na ukaguzi wa leseni unaofanyika kila baada ya miaka 5 unapolipa ada ya kuendelea.

Panga ofisi yako mapema

Huwezi kuripoti usichokijua, na "sikujua" ni utetezi dhaifu kwa mtu ambaye kazi yake ni kujua. Haya ni mambo ya kuanza nayo wiki hii.

Weka kwenye mkataba wa kila dereva kifungu kinachomtaka akujulishe ndani ya siku chache kila anaposhtakiwa, anapotiwa hatiani au anapotozwa faini akiwa kazini, na pia anapopata alama kwenye leseni yake akiwa na gari lake binafsi. Kutumia simu ya mkononi akiwa anaendesha kunamletea dereva faini ya pauni 200 na alama 6, na dereva wa lori anaweza kuitwa mbele ya kamishna kwa ajili ya leseni yake ya malori.

Usitegemee maneno matupu. Dereva anaweza kutoa namba ya siri kutoka kwenye tovuti ya DVLA, wakala wa serikali wa leseni za udereva, namba inayotumika ndani ya siku 21, nawe ukaitumia kuona leseni yake na alama zake. Fanya hivyo kwa ratiba, angalau kila baada ya miezi 3, na uandike tarehe. Madereva wa kuazima kutoka wakala wa ajira nao wamo: wakiwa kwenye lori lako, wako chini ya leseni yako.

Pakua kadi za madereva kila siku 28 na takografu za magari kila siku 90, kisha zichambue kweli. Kupakua bila kusoma ni kukusanya ushahidi dhidi yako mwenyewe. Tunza kumbukumbu za takografu kwa miezi 12, na za matengenezo, pamoja na ripoti za ubovu zinazoandikwa na madereva, kwa miezi 15.

Mteue mtu mmoja wa kufungua barua za mahakama, polisi na DVSA, na uweke daftari moja la kuandika kila hukumu na adhabu: tarehe ya kosa, tarehe ya hukumu, siku ya 28 inaangukia lini, na taarifa ilitumwa lini. Ukurasa mmoja unatosha kampuni ya malori matano.

La muhimu kuliko yote, usimfanye dereva akuogope. Dereva anayejua kwamba atafukuzwa kwa faini ya pauni 100 ataificha, na siku zako 28 zitapita wewe ukiwa huna habari. Mwambie mbele ya wenzake kwamba kosa lililosemwa litazungumzwa na kurekebishwa, na kwamba kosa lililofichwa ndilo litakalomgharimu kazi. Kisha ulisimamie neno lako siku ya kwanza atakapokuja na barua mkononi.

Sheria hii inaweza kuonekana ngumu kwa mtu aliyejenga biashara yake kwa jasho katika nchi ya ugenini, lakini inachodai ni kidogo: sema ukweli, useme kwa wakati, urekebishe kilichoharibika. Kama kuna hukumu au adhabu iliyolala kwenye droo yako, hata kama siku 28 zimepita, itoe na uiripoti leo. Taarifa iliyochelewa ina maelezo ya kutoa. Taarifa ambayo haikutumwa kabisa haina.